Kuongoza matembezi kando ya bwawa na uwanda wa majani: mfano wa Manguo, Limuru

Bwawa la Manguo, huko Limuru nchini Kenya, hupanuka na kunywea kufuata mvua. Njia iliyopitika mwezi uliopita leo huenda iko chini ya maji, kwa hiyo usiongoze watu kwa kumbukumbu.

Hatua ya 1: Kagua. Nenda siku moja kabla, saa ileile mtakayotembea. Beba fimbo ya mita moja na nusu, uchome ardhi mbele yako kila mahali majani yanapokolea ukijani. Fimbo ikizama kupita kifundo cha mguu, zunguka. (Kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu, usikikanyage kabisa: yale majani ni mkeka unaoelea juu ya maji.) Salimia wachungaji na uombe ruhusa ya wenye mashamba. Wao ndio wanaojua pia siafu wamehamia wapi.

Hatua ya 2: Panga saa na upande. Anzeni saa moja asubuhi, mmalize saa tatu. Simamisha kundi upande wa mashariki wa bwawa, jua likiwa mgongoni. Mkisimama magharibi, kila bata ataonekana kivuli cheusi. Mwezi wa Julai ukungu wa Limuru huchelewa kuondoka, basi sogeza mwanzo hadi saa mbili.

Hatua ya 3: Punguza. Watu 12 kwa kiongozi mmoja, msaidizi akifunga mkia. Kilomita moja na nusu, vituo vitano. Kosa la kawaida ni kusimama kwa kila ndege: walio mbele wanasikia, wa nyuma wanafika maelezo yameisha, na baada ya nusu saa kundi limegawanyika.

Hatua ya 4: Tazameni maji. Simameni mita 40 hivi kutoka ukingoni, dakika tano bila maneno. Kibisi akipiga mbizi, waambie wahesabu sekunde na wakisie ataibukia wapi. Korongo taji wakiacha kula na kuinua shingo wote kwa pamoja, mmekaribia mno. Rudini nyuma polepole. Ndege huyu yuko hatarini kutoweka duniani, na huzaliana kwenye vinamasi kama hivi. Usicheze sauti za ndege kwenye simu: huacha viota vyao kuja kumfukuza mgeni asiyekuwepo.

Hatua ya 5: Choteni. Hapa ndipo watoto huamka. Funga chujio la jikoni kwenye fimbo, chukua kopo jeupe la aiskrimu la lita mbili, ulitie maji ya bwawa hadi nusu. Pitisha chujio katikati ya mimea ya ukingoni, si kwenye tope la chini, maana tope hufanya kopo lote kuwa chai. Mwaga ulichochota ndani ya kopo, subiri dakika mbili maji yatulie. Tafuta lava wa kereng'ende: hutembea taratibu, kisha ghafla hujirusha mbele kwa kufyatua maji kupitia nyuma ya tumbo. Mdomo wake wa chini hukunjika chini ya kichwa na huchomoka kunasa viluwiluwi. Usimweke kopo moja nao, utabaki naye peke yake. Kopo likae kivulini, na baada ya dakika kumi rudisha kila kitu pale ulipokitoa. Vaeni gambuti, mnawe mikono kwa sabuni. Kwenye maeneo ya joto kama Mwea au Kisumu msiingie majini kabisa, kwa sababu ya kichocho.

Hatua ya 6: Pitieni majani. Suruali ndani ya soksi, mstari mmoja. Ndege wa ardhini akikimbia mbele yenu akiburuta bawa kama limevunjika, kiota kiko karibu: simameni, tazameni chini, mrudi kwa nyayo zenu zilezile. Msimfuate, ndilo analotaka.

Hatua ya 7: Mwishoni. Kila mtu akague kupe nyuma ya magoti na kiunoni. Mng'oe kwa kibanio, ukimshika karibu na ngozi na kuvuta moja kwa moja. Mafuta ya taa na kiberiti humfanya atapike ndani ya jeraha. Gambuti zioshwe na zikauke kabisa kabla ya kwenda bwawa jingine, kwani kuvu anayeua vyura husafiri kwenye tope bichi.