Kuziba tundu la kiyoyozi kwenye paa la kempa: hatua kwa hatua

Kiyoyozi cha juu kikishatoka, paa hubaki na tundu la mraba. Kempa (magari ya kulala safarini) nyingi za Marekani zina inchi 14 na robo kila upande, kama sentimita 36. Za Ulaya mara nyingi ni sentimita 40. Vipimo vya hapa ni vya tundu la 36, kwenye paa lenye fremu ya mbao.

Tundu lenyewe si tatizo. Tatizo ni kwamba mzigo wa kilo 40 hivi umelilalia paa miaka, nalo limebonyea. Ukiweka kiraka bapa, maji yatatuama juu yake, na maji yakituama hayakosi pa kupenya.

Hapa Mombasa kazi hii ni ya kaskazi, Januari hadi Machi, kabla ya masika. Anza saa tatu asubuhi umande ukishakauka, uwe umeshabandika kabla ya saa sita. Paa likishawaka moto, silanti (gundi ya kuziba mianya) hufanya ngozi kabla hujaisambaza.

Tayarisha: bati la alumini la milimita 2, sentimita 48 kwa 48, kipande cha plaiwudi ya marini (inayostahimili maji) na mbao mbili za kukibeba, utepe wa butili (mpira laini unaonata) wa milimita 25, mita 4, skrubu 40 za stenlesi, milimita 4 kwa 25, silanti ya poliurethani (Sikaflex au mfano wake), mrija mmoja, na povu gumu.

1. Zima umeme wote na uchomoe waya wa nje. Usiguse kapasita ya kiyoyozi, hubaki na chaji. Ncha za waya zifungwe ndani ya kisanduku, na swichi yake uiandike "HAITUMIKI".

2. Fungua boliti nne ndefu kutoka ndani. Kishusheni watu wawili, mkikiinua. Kukiburuta kunachana paa.

3. Kwangua gundi yote ya zamani. Paa la bati lisafishwe kwa asetoni. La mpira lioshwe kwa sabuni na maji tu, kwani petroli na thina hulivimbisha, na silanti yake iwe ile iliyoandikwa kuwa ni ya paa la mpira. Kisha chukua bisibisi, udunge fremu kote. Ikizama kama kwenye mkate, mbao imeoza: kata, badilisha. Ukiruka hapa, skrubu hazitakuwa na cha kukamata.

4. Inua bonde. Ndani ya gari weka jeki juu ya ubao, na ubao mwingine chini ya dari, upandishe polepole mpaka paa linyooke. Funga zile mbao mbili kuvuka tundu, weka plaiwudi juu yake ilingane na paa, ndipo ushushe jeki.

5. Mpelekee fundi bati ile alumini aikunje kidogo kwa ulalo, kona hadi kona, katikati iinuke sentimita 1. Mkunjo huo ndio unaomwaga maji. Jaza nafasi ya chini yake kwa povu gumu. Bila hilo, unyevu wa hewa ya pwani hugeuka matone chini ya bati na utadhani paa linavuja. Toboa matundu ya skrubu ukiwa chini, sentimita 3 kutoka ukingoni, umbali wa sentimita 4 hadi 5.

6. Zungusha butili mistari miwili, mmoja kila upande wa matundu. Weka bati, ukaze skrubu kuanzia katikati ya kila upande kwenda konani. Usikaze kwa nguvu zote. Jua la siku moja litalainisha butili. Kesho yake kaza tena, kata iliyotoka, kisha silanti pembeni na juu ya kila kichwa cha skrubu. Ikishakauka ipake rangi, la sivyo jua huikausha ikawa unga.

7. Rangi ikishakauka, mwaga maji kwa mpira dakika 15, ukianzia upande wa chini kupanda juu, na mtu ndani na tochi.

Maswali ya wasomaji

*Fundi, nina skrubu za kawaida tele nyumbani. Kuna ubaya?*
Upo. Chuma, alumini na upepo wa chumvi havikai pamoja. Kutu itaanza shingoni mwa skrubu, mahali usipopaona.

*Na silikoni ya madirisha, ile inayonuka siki?*
Hapana. Asidi yake hula chuma, na ukishaipaka rangi au silanti nyingine haishiki vizuri hapo.

*Paa langu ni faiba. Lazima bati?*
Si lazima. Piga msasa ukingo uwe mteremko, weka matabaka matatu ya mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba, kilo moja ya rezini (gundi ya faiba). Kwa joto letu hadina (dawa ya kugandisha rezini) iwe asilimia 1, yaani kama mililita 10. Ukitia 2 itaganda ndani ya kopo.

*Yangu ni Hiace, kiyoyozi kiko juu lakini mipira inashuka hadi kwenye injini.*
Usifungue nati yoyote. Hicho kina gesi kwenye mipira, kile cha kempa kimefungwa chote ndani ya boksi lake. Fundi wa gesi aivute kwa mashine kwanza.

*Sasa bila kiyoyozi si tutaiva humo ndani?*
Basi usizibe. Feni ya paa ya volti 12 hutengenezwa kwa tundu la inchi 14 lile lile. Fuata hatua ya 1 hadi 3, nyoosha bonde kwa jeki kama ya 4 lakini mbao uzifunge kandokando ya tundu, kisha butili na skrubu vilevile.