Soma askari kwanza: sataranji kwa anayefungwa bila kujua sababu

Mwenzangu alinionyesha michezo mitano aliyofungwa. Lawama zote alizitupia farasi wake. Tulipoirudia, yote ilikuwa imeharibikia kwenye askari, tena mapema. Nilimwelekeza hivi.

Tumia ubao wa kushika. Simu inafaa kuchezea. Kwa kujifunza, kidole huwahi kuliko akili.

Hatua ya 1: Ondoa kete kubwa. Wabaki askari na wafalme tu. Njia zilizo wazi na zilizozibwa utaziona mwenyewe.

Hatua ya 2: Tafuta mnyonge. Ni askari asiye na mwenzake kwenye safu za jirani. Akiwa wa mpinzani, weka farasi nyumba ya mbele yake; hakuna askari wa kumfukuza. Akiwa wako, usibadilishane kete ovyo, maana zikipungua atazidi kuwa mzigo.

Hatua ya 3: Piga mnyororo (askari wanaolindana kimshazari) shinani. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nyingi, kwa hiyo vumilia.

Cheza hivi, wewe ukiwa nyeusi (herufi ni safu ya wima, a hadi h kuanzia kushoto kwa nyeupe; namba ni mstari, 1 hadi 8 kuanzia upande wake): askari wa nyeupe e4, wa nyeusi e6; d4, d5; kisha nyeupe anasukuma e5. Askari wa d4 anamlinda wa e5. Macho yako yatamkimbilia wa e5 kwa sababu ndiye anayekubana. Mwache kwanza. Mpige anayemshikilia: sukuma c5. Nyeupe atalinda kwa c3. Toa farasi c6. Naye atatoa farasi f3; peleka malkia b6. Sasa askari, farasi na malkia wako wote wanamkodolea macho wa d4.

Halafu nyeupe anaweka askofu d3, kama vile amesahau. Unakula d4 kwa askari, anarudisha kwa askari wa c3. Unahesabu: farasi wangu na malkia wangu wanashambulia, mlinzi ni farasi mmoja, maana askofu amemziba malkia wake. Askari wa bure!

Si wa bure. Nilikula kwa farasi, akakula farasi, nikakula kwa malkia. Askofu wake akaruka b5 kumtishia mfalme wangu, na nyuma yake malkia wake akabaki anatazamana na wangu. Malkia wangu akaliwa, na kosa hilo nililirudia mara tatu kabla ya kuelewa.

Dawa ni kuweka askofu wako d7 kabla ya kumgusa wa d4. Hapo akija b5 hamtishii mfalme tena, na malkia wako anapata nafasi ya kumla wake. Wala usiharakishe kubadilishana askari pale d4: ukifanya hivyo unampa farasi wake nyumba ya c3.

Hatua ya 4: Mwishoni, wakibaki wafalme na askari mmoja, mfalme amtangulie askari wake. Ukiwa nyeupe, mfalme wako e6, askari wako e5, mfalme wake e8: unashinda, zamu iwe ya yeyote. Isipokuwa askari akiwa safu ya a au h. Huko mfalme wake akiwahi kona, ni sare.