Mtoto akifanyiwa ukatili wa kingono: mambo ya kuzingatia kabla ya hospitali, polisi na mahakama

Kesi nyingi za watoto Tanzania huanguka kwa mambo yaliyofanyika nyumbani siku ya kwanza, kabla askari hajashika kalamu. Mzazi au mlezi akiyajua mapema, mtoto hatateseka mara mbili.

Anza na saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na zikiwahi zaidi ndivyo zinavyosaidia zaidi. Hunywewa siku 28 bila kuruka. Binti aliyekwisha kuvunja ungo anahitaji pia dawa ya kuzuia mimba. Kikao cha ukoo kisubiri.

Usimwogeshe mtoto kabla hajapimwa. Nguo alizovaa, hasa za ndani, zisifuliwe. Zikiwa na unyevu zianike kivulini, kisha kila moja ifungwe kwenye mfuko wake wa kaki. Plastiki hufungia unyevu na ushahidi huharibika. Kama ameshaogeshwa, nenda naye vilevile. Kukosa michubuko si dalili kwamba hakufanyiwa, na sheria inatosheka na kuingiliwa hata kwa kiasi kidogo sana.

Kituoni ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Mkishafungua jalada, andika namba ya RB (namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi), jina la mpelelezi na simu yake. Hapo utapewa PF3, fomu ambayo daktari aliyempima mtoto ndiye huijaza; angalia kama jina, umri na tarehe vinasomeka kabla haijarudi polisi. Mtoto anayevuja damu atibiwe kwanza, fomu ifuate. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini ni rahisi zaidi: daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii wapo mahali pamoja, hivyo mtoto harudii kuyasimulia mambo yale yale kila mlangoni.

Na hili la kurudia lizingatiwe sana. Mtoto akihojiwa na shangazi, jirani, mwalimu na mjumbe, maelezo huanza kupishana, na wakili wa utetezi atayatumia hayo. Msikilize, usimwongoze, andika maneno yake kama alivyoyasema pamoja na tarehe na saa. Aliyeambiwa kwanza ni shahidi muhimu. Mtoto akiwa anamjua mtuhumiwa, jina litajwe mapema iwezekanavyo, maana mahakama hutilia shaka jina lililochelewa kutajwa bila sababu ya kueleweka.

Umri ndio unaosahaulika kuliko yote. Mtoto akiwa chini ya miaka 18, utetezi kwamba aliridhia hausaidii. Akiwa chini ya miaka 10, adhabu ya kumbaka ni kifungo cha maisha. Lakini umri ulioandikwa kwenye hati ya mashtaka haujathibitishwa bado. Lazima shahidi autamke kizimbani: mzazi, ndugu, daktari, au cheti cha kuzaliwa kitolewe. Mahakama ya Rufani imekwisha kufuta hukumu kwa pengo hili tu. Tafuta cheti au kadi ya kliniki leo.

Siku ya ushahidi, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kusema bila kiapo, ila kwanza aahidi mbele ya hakimu kwamba atasema kweli na hatasema uongo, na ahadi hiyo iandikwe kwenye kumbukumbu. Mweleze kwamba ataulizwa hivyo, na kwamba kusema "sikumbuki" si kosa. Usimkaririshe majibu. Ushahidi wake peke yake unaweza kumtia mtu hatiani kwenye kosa la kingono, hakimu akiridhika kwamba mtoto anasema kweli. Mkumbushe mwendesha mashtaka kwamba shauri kama hili husikilizwa faragha, na umwombe akuonyesheni chumba cha mahakama siku moja kabla. Beba chakula na maji, kwani kesi huahirishwa.

Mkihama au kubadili namba ya simu, mjulishe mpelelezi. Mashahidi wasipopatikana kesi hufutwa, na mtuhumiwa hurudi mtaa ule ule.

Ndugu watakuja na fidia. Kesi hii ni ya Jamhuri, yaani serikali, dhidi ya mshtakiwa, kwa hiyo familia haina mamlaka ya kuifuta, na pesa iliyopokelewa haimponyi mtoto. Mkisukumwa, au polisi wakisita, pigeni 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto.