Bustani ya kitropiki ndani ya jengo: usichuje maji yote kwa kiwango kimoja

Anayejenga bustani kubwa ya kitropiki chini ya paa mara nyingi huanza kwa kuuliza anunue mtambo gani wa kuchuja maji. Swali hilo lisubiri. Kwanza peleka sampuli maabara ipimwe pH, EC (kipimo cha chumvi zilizoyeyuka kwenye maji), kalisi, magnesiamu, bikaboneti, sodiamu, kloridi na chuma. Klorini ipime papo hapo bombani, maana hutoweka njiani.

Kisha gawa mahitaji. Ukungu unaopulizwa juu ya okidi, makangaga na bromelia unataka maji yenye chumvi kidogo mno. Migomba na michikichi iliyopandwa ardhini haidai hivyo. Maji ya matone yaliyochujwa mashapo tu yanaitosha, mradi sodiamu na bikaboneti si nyingi. Bwawa la samaki nalo liwe na mzunguko wake peke yake, na kichujio cha bakteria, yaani chenye bakteria wanaovunja uchafu wa samaki, kipewe wiki kadhaa kukomaa kabla ya kujaza samaki. Kuyasafisha maji yote hadi kiwango cha okidi ni kupoteza maji na umeme bure.

Ukungu ndio wenye kazi. Tone likikauka juu ya jani, chokaa hubaki: ndiyo yale madoa meupe yasiyotoka kwa kitambaa chenye maji. Chokaa hiyo hiyo huziba nozeli, yaani vitundu vya kupulizia. Utaona wingu la ukungu linalala upande mmoja, halafu nozeli inaanza kudondosha matone mazito yanayotuama kwenye kitovu cha mmea na kukiozesha.

Kwa njia hii ya ukungu weka kichujio cha mashapo cha mikroni 5, kisha mkaa amilifu, kisha mtambo wa osmosisi rejea, unaosukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi, ambao mafundi huuita RO. Usibadilishe mfuatano huo. Klorini huharibu utando wa RO, na mkaa ndio unaoiondoa; mkaa nao huziba upesi ukikosa kichujio cha mashapo kabla yake. Kama maji yametiwa kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), ongeza mkaa, kwa sababu inahitaji muda mrefu zaidi kuondoka. Ukiuziwa kilainisha maji kinachotumia chumvi badala ya RO, kataa: huondoa kalisi na kuweka sodiamu mahali pake.

RO hutoa maji polepole, kwa hiyo ipangie ukubwa kwa matumizi ya siku nzima. Ukungu ukitumia lita 2,000 kwa siku, mtambo wa lita 150 kwa saa utazitoa kwa saa 13 na ushei, na tangi la lita 4,000 litakupa akiba ya siku mbili. Tangi liwe la plastiki, lenye mfuniko, lisilopitisha mwanga. Mabomba pia yawe ya plastiki, maana maji ya RO hula chuma.

Afya ya watu naisisitiza kuliko yote. Bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu, hustawi kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 45 za Selsiasi, joto la bustani hizi hasa, na huingia mapafuni kwa matone madogo yanayoelea hewani. Mkaa ukishaondoa klorini, maji hayana kinga. Weka taa ya urujuanimno (UV), inayoua bakteria, baada ya tangi, karibu na pampu ya ukungu. Lakini taa hailindi mabomba yanayofuata baada yake, hivyo usiache kipande cha bomba ambamo maji yanatuama, weka vali mwisho wa kila laini ili uyasukume nje, na upime sampuli kwa ratiba.

Kila kichujio kiwe na geji mbili, kabla na baada yake. Tofauti ya mgandamizo ikipanda kwa bar 0.5 kuliko kilipokuwa kipya, kibadilishe. EC ya maji yanayotoka kwenye RO ikianza kupanda, kagua utando. Maji ya taka ya RO yamebeba chumvi zote zilizoondolewa. Yaelekeze vyooni na kwenye kuosha sakafu, yasifike kwenye mimea.