Kutia rangi chambo cha plastiki laini: mgongo wa kijani, tumbo la kutu

Ziwa Naivasha lina besi, samaki wa mdomo mkubwa aliyeletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka wa 1970 akaletwa pia kamba mwekundu wa maji baridi, asili yake Louisiana, na besi wakamfanya kitoweo. Anayevua besi hapa hana budi kuzijua rangi za kamba huyo. Chambo changu cha kwanza nilikitia wekundu mtupu, kama kamba aliyekwisha kupikwa. Baadaye nikamshika kamba mchanga aliye hai kando ya mafunjo, nikamgeuza mkononi. Mgongo ulikuwa wa kahawia iliyochanganyika na kijani, kama majani ya chai yaliyolowa. Wekundu ulikuwa umejificha tumboni na kwenye ncha za magando. Rangi hizo mbili ndizo tutakazozitafuta.

Utahitaji plastisoli, ile rojo nyeupe inayogeuka plastiki laini ikipashwa moto, rangi za kimiminika za plastisoli, glita, unga wa ulanga (madini yanayometameta), kalibu iliyo wazi juu, kipimajoto, na majagi mawili ya kioo kinachostahimili moto. Vyombo hivi visirudi jikoni kamwe, na maikrowevu utakayoitumia isipashe chakula tena.

Kabla ya kuwasha moto, toka nje au ufungue madirisha yote, uvae miwani, glavu nene na barakoa yenye vichujio vya mvuke na gesi za asidi. Plastisoli ikiungua huwa ya manjano, kisha kahawia, na hutoa hewa inayochoma koo na macho. Ukiona dalili hiyo, zima moto uondoke hapo. Kausha kalibu kabisa pia, kwa sababu tone moja la maji chini ya plastiki ya moto hugeuka mvuke papo hapo na kukurushia plastiki usoni.

Hatua ya 1: Pasha. Weka mililita 100 katika kila jagi. Pasha kidogo, koroga, pasha tena, hadi ifike nyuzi 175 za Selsiasi. Katikati ya safari itakuwa nzito kama ugali. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani imeharibika. Endelea taratibu, italegea na kuwa angavu kama mafuta ya kupikia. Usiipeleke karibu na nyuzi 200.

Hatua ya 2: Rangi ya mgongo. Mimi hutia matone 4 ya kijani, 2 ya kahawia na 1 la nyeusi. Nguvu ya rangi hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo anza na nusu ya hayo. Usiihukumu rangi ikiwa bado ndani ya jagi, maana unene wa plastiki huifanya ionekane nyeusi kuliko ilivyo. Dondosha tone juu ya kigae cheupe, liache lipoe, libandue, kisha liinue dirishani. Ukikiona kivuli cha kidole chako kwa nyuma, umepata. Hili nalisisitiza kwa sababu glita na ulanga hung'aa pale tu mwanga unapoweza kuingia ndani ya plastiki. Ukizidisha rangi, glita yote iliyo ndani imezikwa.

Hatua ya 3: Glita. Chukua nyeusi ya milimita 1 na ya rangi ya shaba ya milimita 0.4, robo kijiko cha chai kila moja. Nunua inayostahimili joto. Ile ya kupambia kadi hujikunja na kuvuja rangi. Glita huzama, kwa hiyo koroga kila unapotaka kumimina.

Hatua ya 4: Ulanga. Kiasi cha ncha ya kisu kinatosha. Napenda ule unaogeuza rangi. Ukikitazama chambo moja kwa moja ni kahawia, ukikiinamisha kinatoa buluu. Huonekana vizuri juu ya rangi ya giza. Kwenye plastiki nyeupe karibu upotee.

Hatua ya 5: Tabaka mbili. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Katika jagi la pili tia matone 3 ya rangi ya chungwa na 1 la kahawia, upate rangi ya kutu. Kalibu yangu inalaza tumbo chini, kwa hiyo naanza na kutu, hadi theluthi moja ya kina. Halafu nautazama uso wa plastiki. Mwanzoni unameremeta kama maji. Baada ya sekunde kama 10 hadi 15 mng'ao unafifia na ngozi nyembamba inashika. Gusa pembeni kwa kijiti cha meno. Kisipotoka na uzi wa plastiki, mimina mgongo ukiwa na nyuzi 165 hadi 170.

Ukiwahi, rangi huingiliana na mpaka hupotea. Ukichelewa, au mgongo ukiwa umepoa, tabaka hazishikani: ukivuta mkia, chambo kinafunguka kama ganda la ndizi. Kila kikipoa navuta kimoja hivyo, kabla sijamimina vingine.

Kuwahi kwa makusudi nako kuna faida. Mimina kutu, mara moja ongeza kijani, kisha pitisha kijiti mara moja tu. Utapata mawimbi kama ya jiwe la marumaru. Ukikipitisha mara tatu unapata tope.

Hatua ya 6: Jaribu ndani ya maji. Chota maji ya ziwani katika chupa pana ya kioo, tumbukiza chambo, tazama kwa ubavu. Siku za tope kile kinachopitisha mwanga hufifia mno, na hapo naongeza tone la nyeusi kwenye mgongo ili utengane na tumbo. Badilisha kitu kimoja tu kila unapomimina, na uandike matone yote daftarini, la sivyo hutajua kipi kilichokupa samaki.

Hatua ya 7: Hifadhi. Weka kila rangi katika mfuko wake. Niliwahi kulaza vyekundu pamoja na vyeupe, wiki moja baadaye vyeupe vyote vikawa waridi. Usivitie kwenye visanduku vya plastiki ngumu ya kawaida, maana vyambo huviyeyusha visanduku hivyo. Vyambo vilivyochanika rudi navyo nyumbani: vikiwa safi na vikavu, vipashe upya, vinafaa sana kwa migongo ya giza.