Kikwapa kimekushinda? Soma hii kabla ya operesheni
Kwanza uwe umeshajaribu dawa za kupaka na sindano za Botox (dawa ya kupunguza jasho), kisu kiwe cha mwisho jamani. Harufu inatoka pale bakteria wanapovunjavunja jasho la tezi za apokrini (vifuko vya jasho vilivyo chini ya ngozi ya kwapa), kwahiyo daktari anakupiga ganzi, anapasua kwapa kidogo, anaipindua ngozi na kuzikata zile tezi kwa mkasi, hii ndo naiamini zaidi. Ya pili ni kuzifyonza kwa mrija, kovu linakuwa dogo ila harufu inaweza kurudi. Kukata neva za kifuani, zile zinazoamrisha jasho la kwapa, mi sikushauri kabisa, jasho linaweza kuhamia mgongoni. Ukishashonwa usinyanyue mikono juu wiki nzima au zaidi, maana damu ikivilia pale chini ngozi inaweza kufa, ukiona pamevimba au pamekuwa peusi rudi hospitali haraka.