Mbwa Aliyekatwa Mguu: Jinsi ya Kumuuguza Nyumbani

Mbwa akirudi nyumbani na miguu mitatu, macho ya wenyewe hukimbilia kwenye mshono. Mshono ni muhimu na nitaueleza kwa kirefu, lakini ukitunzwa vizuri huwa umefunga katika muda wa wiki mbili. Kinachoamua kama mbwa huyo atatembea kwa raha miaka inayofuata ni sakafu anayokanyaga na ile miguu mitatu aliyobaki nayo. Kazi yangu ni kuhudumia wanyama majumbani hapa Mombasa, na nimeona mbwa waliopona kidonda vizuri kabisa wakaishia kuteguka goti kwa kuteleza kwenye vigae vya sebuleni.

Sababu za kukatwa mguu ni nyingi. Kuna waliogongwa na matatu au bodaboda, kuna ambao mishipa ya fahamu ya begani imeng'oka, kuna wenye saratani ya mfupa. Huyu wa saratani anauguzwa kama wenzake, ila muulize daktari mapema kuhusu picha ya eksirei ya mapafu na matibabu yatakayofuata. Kukata mguu kunamwondolea maumivu makali, lakini saratani ya mfupa huwa na tabia ya kuhamia mapafuni mapema.

Hatua ya 1: Andaa mahali kabla hajafika

Fanya kazi hii siku ya upasuaji wenyewe, usingoje mpaka yuko mlangoni.

Chagua kona moja yenye kivuli na hewa inayopita, isiyo na ngazi. Nyumba nyingi za hapa mbwa hulala nje, na katika nyumba za Waislamu hilo ndilo la kawaida. Halizuii kupona hata kidogo. Kona ya baraza au ya gereji inatosha kabisa, mradi pawe pakavu, pasipige jua la saa saba, na pazungushiwe chandarua. Mtengee bakuli lake, matambara yake na leso yake, na anayemhudumia avae glavu.

Sasa sakafu. Vigae, terazo na sementi iliyosuguliwa vyote vinateleza. Mkeka wa ukindu au wa plastiki nao huteleza wenyewe juu ya sakafu, kwa hiyo usiutegemee. Tandika zulia lenye mpira chini, au vipande vya mpira vile vya kukanyagia ndani ya gari, kuanzia anapolala hadi kwenye maji na hadi mlango wa kutokea. Iwe njia moja isiyokatika. Vizulia vya usumba vya mlangoni vinashika vizuri kwa kutembea, lakini ni vikali, asilalie mshono juu yake. Godoro lake liwe jembamba na gumu kidogo, kwani likiwa laini sana atazama na kushindwa kuinuka.

Kata kucha zake na upunguze manyoya yaliyo katikati ya vidole. Ukimwomba daktari akufanyie hivyo mbwa angali usingizini wakati wa upasuaji, ni bora zaidi.

Hatua ya 2: Safari ya kurudi na usiku wa kwanza

Mlete kwa gari au tuktuk, watu wawili, mmoja akae naye. Alale ubavu usio na mshono. Kama mnavuka feri ya Likoni, ngojeni saa ambayo msongamano umepungua, asisukumwe.

Usiku wa kwanza huwatisha watu. Mbwa huhema, hulia, huzungukazunguka, hutazama ukuta kama hamjui mtu. Mara nyingi hizo ni dawa za usingizi na za maumivu ambazo bado zimo mwilini, na hupungua kwa siku moja au mbili. Kaa karibu naye, punguza taa, ongea naye kwa sauti ya chini. Akiendelea kulia huku akikataa kuguswa, au akitetemeka bila kutulia, mpigie daktari usiku huohuo, kwani huenda dawa ya maumivu haimtoshi.

Mpe maji kidogo kidogo na nusu ya chakula chake cha kawaida. Akikataa kula usiku huo si neno. Mkojo lazima utoke ndani ya saa 24. Choo kinaweza kukawia siku tatu au nne kwa sababu alifunga kabla ya upasuaji na dawa za maumivu hupunguza mwendo wa matumbo, kwa hiyo usimpe dawa ya kuendesha.

Hatua ya 3: Dawa

Mpe alichoandikiwa na daktari, kwa saa alizoandika, hata kama anaonekana mzima. Maumivu yakishapanda ni kazi kuyashusha. Dawa za maumivu kama kaprofeni na meloksikamu zipewe pamoja na chakula. Akitapika, akiharisha, au choo kikiwa cheusi kama lami, acha dawa hiyo na mpigie daktari mara moja.

Hapa naomba unisikilize sana: usimpe Panadol, Brufen, diklofenaki wala aspirini kutoka kwenye kabati la nyumbani. Brufen hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Panadol huweza kuharibu ini na damu yake. Anayempa hakusudii mabaya, anamhurumia tu mbwa wake, na hilo ndilo linalouma. Vilevile usimchome antibayotiki ya agroveti kwa kukisia.

Baadhi ya mbwa hushtuka ghafla, wakalia na kugeuka kuuma mahali mguu ulipokuwa. Mishipa iliyokatwa bado inatuma habari za maumivu. Mwambie daktari, kwani ipo dawa ya maumivu ya mishipa, gabapentini, inayowasaidia wengi.

Hatua ya 4: Mshono, na adui yetu nzi

Angalia mshono asubuhi na jioni, kwenye mwanga mzuri, kila mara ukiwa umesimama upande uleule ili uone kama umebadilika. Piga picha moja kwa siku.

Mambo ya kawaida ni haya: uvimbe siku mbili tatu za kwanza, rangi ya zambarau inayoteremka kuelekea tumboni au kwenye paja, na majimaji kidogo ya rangi ya waridi. Kunaweza pia kujitokeza mfuko laini wa maji chini ya mshono. Usiutoboe. Mwonyeshe daktari.

Mambo ya kukimbilia daktari: harufu mbaya, usaha, damu inayodondoka bila kukoma, kingo za mshono zilizoachana, ufizi uliopauka na kuwa mweupe, au homa. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za selisiasi, kwa hiyo akikushinda joto kidogo mkononi usihofu, pima kwa kipimajoto. Asipokula kabisa kwa zaidi ya siku moja baada ya usiku ule wa kwanza, piga simu pia.

Siku tatu za kwanza mkande kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kikavu, dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku, ikiwa anakubali. Mshono usilowe. Damu iliyogandia pembeni isafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha kausha kwa kugusagusa bila kusugua. Majivu, mafuta ya taa, oili chafu ya gari na manjano visikaribie kidonda. Vinaweza kuwasha ngozi na kuchelewesha kupona.

Nzi ndiye anayenikosesha usingizi katika mji huu, hasa miezi ya mvua za masika. Anahitaji unyevu kidogo tu kwenye kona moja ya mshono kutaga mayai. Yanaonekana kama punje ndogo nyeupe zilizoshikana kwenye manyoya, na kwa joto letu huweza kuanguliwa ndani ya siku moja, funza wakaingia ndani ya nyama. Ndiyo maana nasisitiza chandarua. Kausha mkojo haraka, badilisha matambara kila siku, na inua manyoya ya pembeni ya mshono utazame chini yake. Ukiona funza usijaribu kuwatoa kwa dawa ya kuulia wadudu. Mfunike kwa kitambaa safi na umpeleke kwa daktari.

Kola ya plastiki shingoni ikae mchana na usiku mpaka nyuzi zitolewe, kwa kawaida siku ya 10 hadi 14. Watu humvua kwa huruma wakati wa kulala, na saa hiyo ndiyo anayotumia kuramba. Ikimshinda kula, mshikie bakuli.

Hatua ya 5: Leso ya kumsaidia kusimama

Mbwa wengi husimama siku inayofuata upasuaji, na wengine jioni ileile. Mwache ajaribu mwenyewe kwanza. Akiyumba, tumia leso.

Chukua leso kuukuu ya pamba iliyofuliwa mpaka ikalainika. Ikunje kwa urefu hadi upana wake ulingane na kiganja chako. Kama amekatwa mguu wa nyuma, ipitishe chini ya tumbo, mbele kidogo ya paja lililobaki. Kwa dume hakikisha haibani uume, la sivyo atashindwa kukojoa na wewe utadhani amekataa. Shika ncha zote mbili juu ya mgongo, mikono ikaribiane, mgongo wako unyooke. Sasa tembea kwa mwendo wake. Leso ilegee anapokuwa sawa na ikaze anapoyumba tu. Mikono ikikuchoka baada ya hatua chache, ujue unambeba, naye hajifunzi kitu.

Aliyekatwa mguu wa mbele ana kazi nzito zaidi, kwa sababu miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mbwa. Huanguka kwa pua akisimama ghafla. Kwake leso hupita kifuani, nyuma ya kwapa la mguu uliobaki, na ikigusa mshono iache, mshike kwa mikono miwili mabegani. Inua bakuli zake kwenye kigoda hadi usawa wa kifua ili asiiname.

Wiki mbili hizi atoke kwa haja tu, dakika tano, akiwa amefungwa kamba. Asiruke, asipande ngazi, asicheze na mbwa wengine. Toka alfajiri na baada ya jua kutua. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na hewa yetu yenye unyevu hufanya kazi hiyo iwe ngumu, achilia mbali miezi ya kaskazi. Mwenye miguu mitatu hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kila hatua, kwa hiyo hupata joto haraka.

Kama anashinda amelala, mgeuze kila saa tatu au nne, asipate vidonda vya kulalia.

Hatua ya 6: Chakula

Protini nzuri humsaidia kuunga nyama: mayai ya kuchemsha, samaki aliyetolewa miiba, kuku asiye na mifupa, na ugali au wali kidogo. Makombo ya pilau na biriani mnyime, kwani kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa pia mnyime.

Kisha punguza kiasi, maana hatembei kama zamani. Pitisha vidole ubavuni: mbavu uzihisi bila kubonyeza kwa nguvu. Kila kilo ya ziada inabebwa na miguu mitatu, na unene ndio unaoharibu viungo vyao kabla ya wakati. Hapa huruma ya familia hushinda ushauri wangu mara nyingi, kila mmoja akimpa kipande chake. Mteue mtu mmoja wa kumlisha.

Hatua ya 7: Baada ya nyuzi kutolewa

Daktari akisharidhika na kidonda, anza mazoezi. Ongeza matembezi dakika chache kila wiki, na mara nne fupi ni bora kuliko mara moja ndefu. Akichechemea zaidi kesho yake, rudi nyuma.

Mazoezi mawili nayapenda kuliko yote. La kwanza ni kukaa na kuinuka: mkalishe, muinue kwa kipande cha kuku mbele ya pua, mara tano, asubuhi na jioni. La pili, akiwa amesimama kwenye zulia, peleka kipande hicho taratibu kuelekea bega la kushoto, kisha la kulia, ajipinde bila kusogeza nyayo. Misuli ya tumbo na mgongo ndiyo inayoshika nafasi ya mguu uliokwenda. Baadaye msugue mabega, shingo na mgongo kwa viganja. Utahisi vifundo vya misuli iliyokaza, hasa upande unaobeba mzigo.

Bahari ingoje mpaka kidonda kifunge kabisa na daktari aruhusu. Kwa matembezi ya ufukweni, nenda wakati wa maji kupwa na mtembeze kwenye mchanga uliolowa na kushikana, kwa sababu mchanga mkavu unamzamisha na kumchosha. Kaa mbali na mawe ya matumbawe: wayo mmoja ukichanika, amebaki na miwili. Mkirudi nyumbani msuuze kwa maji baridi ya bomba, kausha katikati ya vidole, tafuta kupe masikioni na kwapani, kisha tazama kila wayo kabla hajalala.